Mume Wangu na Tairi za Kiangazi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Tanga, mama wa binti mmoja aitwaye Nawal. Naishi Mayfair, hapa Johannesburg, mtaa ambao adhana inakufikia ukiwa jikoni na unaweza kukaa wiki nzima ukazungumza Kiswahili tu. Mpaka mwaka jana nilikuwa na mume, na nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Leo ninaandika haya nikiwa na binti yangu peke yake...

Wasomaji wenzangu, naomba mnivumilie mpaka mwisho. Msiba wangu ulianza na jambo dogo mno. Ulianza na tairi!

Najua wapo watakaocheka. Tairi? Ndiyo, tairi nne nyeusi za gari.

Mume wangu, Twalibu, anafanya kazi ya kompyuta kwenye benki moja huko Sandton. Ni mtu wa swala tano, mpole, hajui sigara wala pombe. Wanawake wenzangu walikuwa wakiniambia nimepata. Starehe yake ilikuwa moja tu, magari, na baada ya miaka mingi ya kupanda treni akanunua gari la spoti lililotumika. Lilikuwa la rangi ya fedha, fupi, limelala chini kama paka anayevizia, na nguvu zote za injini zilikuwa zinasukuma magurudumu ya nyuma. Lilikuwa na viti viwili tu. Nilimuuliza mtoto atakaa wapi. Akacheka, akanishika bega, akaendelea kulifuta vumbi.

Sikulipenda lile gari tangu siku ya kwanza. Lakini mume kafurahi, ningesema nini?

Lilikuja na tairi zilizolika, kwa hiyo ikabidi achague mpya. Hapo ndipo mdogo wangu Omari anapoingia kwenye mkasa huu.

Omari alikuwa kitinda mimba, mtoto pekee wa kiume wa mama yetu. Mimi ndiye niliyemleta huku akiwa kijana mdogo. Alisoma ufundi wa mitambo, akapanga chumba Doornfontein, akapata kazi kwenye karakana moja ya hukohuko. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa anakuja kwetu kula pilau na kumchokoza shemeji yake. Walipendana wale wawili! Ungedhani wamezaliwa tumbo moja.

Ijumaa moja mezani wakaanza kubishana kuhusu tairi. Omari alitueleza kwamba kuna tairi za kiangazi na kuna tairi za misimu yote. Za kiangazi raba yake inashika lami sana wakati wa joto, gari linakata kona bila kuyumba. Lakini baridi ikishuka, raba ileile inakakamaa kama plastiki na gari linakuwa halina kucha. Za misimu yote hazikupi raha ileile kwenye joto, ila asubuhi ya baridi hazikutupi.

"Omari bwana, hii ni Afrika!" Twalibu akasema. "Theluji umeiona wapi?"

"Eish, shemeji. Juni iliyopita nani alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo kwa kadi ya benki? Ile barafu ilitoka Ulaya na ndege?"

Tulicheka mpaka Nawal akacheka bila kujua tunacheka nini. Lakini nataka mlitazame vizuri kosa hili, kwa sababu ni kosa letu sisi watu wa pwani. Tulikozaliwa joto halina mwanzo wala mwisho. Tukihamia huku tunanunua makoti, mablanketi na hita, kisha tunaamini tumemaliza habari ya baridi. Baridi kwetu ni jambo la ngozi. Nani kati yetu anafikiri kwamba inaingia mpaka kwenye mpira wa gari?

Tulikwenda dukani sote watatu. Muuzaji alituwekea aina zote mbili mbele yetu, akasema wenye magari kama lile wengi wao huchukua za kiangazi. Niliona macho ya mume wangu yanavyozitazama. Nikamwomba. Nilimwambia wewe unatoka nyumbani alfajiri, miezi ya baridi huku nyasi zinakuwa nyeupe, chukua zitakazokurudisha kwangu. Akavuta pumzi ndefu, akakubali. Zikafungwa za misimu yote, na Omari akanionyesha namna ya kuzitambua. Zile zina mikato myembamba mingi, kama iliyochanwa kwa wembe. Za kiangazi zina vipande vipana vyenye mifereji michache mikubwa.

Nilirudi nyumbani na moyo mweupe. Laiti ningejua!

Msikitini kwetu kuna kundi la wanaume wapenda magari. Jumapili, wakishaswali alfajiri, wanaondoka kwa msururu mpaka kwenye bwawa la Hartbeespoort, wanakunywa chai huko, kisha wanarudi kabla familia hazijamaliza usingizi. Kiongozi wao ni Jabiri, Mzanzibari mwenye duka la vipuri, mtu wa maneno mengi na sauti kubwa. Twalibu alijiunga nao, na mwanzoni niliona afadhali. Wengine wanapoteza waume zao kwenye baa, wangu anakwenda kunywa chai.

Ukafika Februari, joto likawa kali. Kwenye kona za kule milimani gari la mume wangu likawa linayumba kidogo, wenzake wanamwacha. Jabiri akapata la kusema.

"Yakhe, hizo si tairi, hizo ni kandambili! Za kupelekea watoto madrasa!"

Wakambandika jina. Wakamwita Bi Harusi, eti anaendesha kama gari lililombeba bibi harusi, linaogopa kumharibia mapambo. Akichelewa kufika kwenye chai, wanapiga makofi: "Pisheni, pisheni, Bi Harusi anashuka!" Alinisimulia mwenyewe, akicheka. Lakini macho yake hayakuwa yakicheka...

Mwezi uliofuata, Jumamosi moja, alirudi kutoka kwa Jabiri na gari likiwa na mlio mwingine. Mimi nina tabia ya kusikiliza vitu. Gari lake nilikuwa nalitambua kabla halijakata kona ya mtaa wetu, na jioni ile mvumo wa magurudumu ulikuwa umebadilika. Nilimuuliza. Akanijibu kwamba wameweka lami mpya huko alikopita.

Baada ya hapo mambo madogo yakaanza kujipanga. Nawal alikuwa na kazi yake aliyoipenda, kumsaidia baba yake kuosha magurudumu. Akakatazwa, eti sabuni inamwasha mikono. Gari likawa linafunikwa turubai jeusi mpaka chini, hata siku isiyo na vumbi wala mvua. Nikipita karibu nalo, anaita, "Mke wangu, njoo uone hiki kwenye simu." Nilimuuliza tena waziwazi, je, gari liko sawa? Akaniambia, "Wewe tena! Gari lina nini?"

Mtu wako unayelala naye akikujibu hivyo, utafanya nini? Utamfunulia turubai kama askari?

Wakati huohuo nyumba yetu ilikuwa na furaha. Omari alikuwa amemchumbia Sabra, binti wa Kitanzania aliyekulia hapahapa Mayfair. Posa ilipokelewa, nikaha ikapangwa Julai shule zikifungwa. Mama yetu kule Tanga akaanza kushona kofia ya bwana harusi kwa mkono wake. Alikuwa hajawahi kupanda ndege, na kila nikimpigia swali lake la kwanza lilikuwa ni kama kweli huko juu watu wanapewa chakula.

Lile kundi la magari lina desturi yake. Jumapili ya mwisho kabla ya ndoa, bwana harusi anapelekwa bwawani kunywa chai ya kuagwa, na anapakiwa kwenye gari lenye kasi kuliko yote. Ni heshima. Nilipopata habari kwamba gari lililochaguliwa ni letu, nilishangaa. Tangu lini Bi Harusi anaongoza msururu? Jabiri akacheka kwenye simu, akasema, "Shemeji, mumeo siku hizi hashikiki!"

Nilimwomba waisogeze safari hiyo mpaka mchana, jua likishatoka. Akajibu kwamba chai ya mchana ni ya wazee.

Asubuhi ile ninaikumbuka yote. Omari alikuwa amelala kwetu. Nilifungua mlango wa nyuma kukiwa bado na kiza, nikakuta nyasi za uani zimekuwa nyeupe, na maji ya kwenye ndoo yana ngozi ya barafu juu. Nikaigusa kwa kidole, ikapasuka.

Omari alivaa kanzu, sweta juu yake, na juu ya sweta koti la shemeji yake lililomfika magotini. "Dada, nikigandia huko mnipashe moto nitumike hivyohivyo," akaniambia. "Sabra asije akakosa mume." Nikampiga kofi la mgongoni. Huo ndio ulikuwa mguso wangu wa mwisho kwake akiwa hai!

Twalibu nilimwambia aende polepole. Akanitazama, akasema, "Kwani si tairi ulizonichagulia mwenyewe?" Halafu akatazama pembeni.

Wakaenda msikitini, na kutoka msikitini wakaenda zao.

Nilikuwa nakanda unga wa maandazi Jabiri aliponipigia. Sauti yake ile kubwa haikuwepo. Alikuwa analia kama mtoto, anasema, "Shemeji... shemeji..." tu. Mikono yangu yenye unga ilishika simu mpaka simu ikanata.

Walikuwa wamefika kwenye bonde, mahali barabara inaposhuka kuelekea kijito na miti inazuia jua. Kuna kona. Umande ulikuwa umeganda juu ya lami. Walio nyuma waliona sehemu ya nyuma ya gari inakwenda upande wake kama imesukumwa na mtu, kisha gari likazunguka na kugonga mti. Liligonga kwa ubavu wa kushoto, anakokaa abiria. Twalibu alivunjika mkono wa kulia. Omari hakuisubiri ambulensi.

Mdogo wangu! Mtoto wa mama!

Kwa kuwa ilikuwa ajali, serikali iliushika mwili kwanza. Ulipotolewa akazikwa siku hiyohiyo kama dini inavyotaka, na tiketi ya mama ya harusi ikageuzwa kuwa ya msiba. Alifika kaburi limeshafukiwa. Kwenye mkoba wake alikuwa na ile kofia, imekamilika.

Twalibu aliwaambia watu wote kwamba kulikuwa na oili barabarani. Aliwaambia polisi hivyo, akawaambia wazee wa msikiti, akamwambia na mama. Watu wakasema ni kudra, na mimi nikasema ni kudra.

Kisha nikaenda kuchukua vitu vya Omari kwenye yadi wanakowekwa magari ya ajali. Nilitaka viatu vyake na simu yake, basi. Gari lilikuwa limekunjwa upande mmoja, kwa hiyo nikalizunguka kufikia mlango mwingine. Na nikaona tairi.

Vipande vipana. Mifereji michache mikubwa. Hakuna mkato hata mmoja wa wembe!

Nilichuchumaa. Nikapitisha kiganja kwenye tairi ya mbele, nikaenda kwenye ya nyuma, nikarudi tena kwa sababu sikutaka kuamini mkono wangu. Mlinzi wa pale, Mkongo, akaniuliza kwa upole, "Mama, unatafuta nini?" Nilichokuwa natafuta nilikuwa nimekishika.

Usiniulize nilifikaje hospitali. Twalibu alikuwa kitandani, mkono kwenye plasta ngumu. Nilimwuliza swali moja: "Tairi zangu ziko wapi?"

Alifumba macho. "Kwa Jabiri," akasema.

Akanieleza yote. Kwamba kejeli zilimchosha. Kwamba fundi aliyezifunga zile za kiangazi alimwonya kabisa, baridi ikiingia azirudishe za zamani. Kwamba alikusudia kuzirudisha Mei. Mei ikapita hali ya hewa ikiwa nzuri, na asubuhi za mwanzo za Juni aliendesha taratibu, hakikutokea kitu, akaona maneno ya Omari yalikuwa ya kitabuni. Na oili? Akatikisa kichwa. Hapakuwa na oili.

Kisha akanishika kanga kwa mkono wake mzima. "Nisitiri, mke wangu. Mama yako amepoteza mmoja, usimpotezee wawili. Kumsitiri Muislamu ni ibada." Alitumia hata dini!

Nilijiambia nitanyamaza mpaka mama arudi Tanga, kisha tutajua la kufanya mimi na yeye. Yeyote aliyewahi kukaa matanga anaelewa. Nyumba imejaa watu, vikombe vinaoshwa, Kurani inasomwa, nani anataka kuleta moto mwingine?

Lakini Jabiri akaja. Hakuingia ndani, alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kofia mkononi. Mtu yule ambaye mtaa mzima unasikia akicheka, alinong'ona. Aliniambia amechoka kuibeba siri peke yake. Asubuhi ile, nje ya msikiti, kabla hajapanda, Omari aliyaona magari ya wenzao yalivyopigwa na umande ulioganda. Akageuka akauliza, "Shemeji, tairi ni zilezile zetu?"

Na Twalibu akamjibu, "Zilezile. Panda."

Omari akasema, "Sharp," yaani sawa, akapanda, akafunga mkanda. Jabiri alikuwa amesimama hapohapo! Tairi za zamani ziko gerejini kwake, anajua ukweli wote, akanyamaza ili asimwaibishe rafiki yake mbele ya bwana harusi.

Nilimwacha pale mlangoni, nikaingia ndani.

Sebuleni, Twalibu alikuwa ameketi kwenye godoro, ametoka hospitali jana yake. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, mama alikuwa anamlisha. Mama yangu! Amekaa mbele yake na bakuli la uji, anapuliza kijiko, anamnywesha. Nikamsikia anasema, "Kunywa, baba. Mtoto wa kiume niliyebaki naye ni wewe."

Na akafungua kinywa. Akanywa!

Mpaka leo sijui sauti niliitoa wapi. Nilisema, "Mama, hapakuwa na oili."

Nilimweleza. Mama ni mtu wa Tanga, hajui habari za tairi. Aliniuliza hiyo baridi ikoje inayoweza kugandisha mpira, nikamweleza taratibu kama ninavyowaeleza nyinyi. Wanawake waliokuwepo waliacha kusoma. Mama hakulia. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake. Aliuliza jambo moja tu.

"Alijua?"

"Alijua, mama. Na Omari alimuuliza."

Akamgeukia. "Baba, mwanangu alikuuliza?"

Twalibu akaitikia kwa kichwa.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia... zilezile."

Mama akaurudisha ule uji jikoni. Tulisikia anaumwaga, tukasikia maji, anaosha bakuli. Alipotoka alijifuta mikono kwenye kanga na kusema bila kupandisha sauti: "Ile kona namwachia Mungu, nimeshaisamehe. Lile jibu sijui nilipeleke wapi."

Kisha akaenda chumbani kulala na Nawal. Hakumsemesha tena Twalibu mpaka alipopanda ndege.

Mimi na Twalibu tuliachana kabla baridi haijaisha. Alikwenda polisi kubadilisha maelezo yake, hilo nampa haki yake. Nasikia amerudi kupanda treni. Sabra ameposwa na mtu mwingine, na nilimwombea heri kwa moyo wote. Jabiri kila Ijumaa analeta pilau mlangoni kwangu. Sijawahi kuila, lakini sijamwambia asilete.

Wenzangu mlioko huku ugenini, hasa nyinyi mnaotoka kwenye joto kama mimi, nawaomba. Msimu ukibadilika, uliza gari lako limevaa nini. Siwaambii mchague tairi za aina gani. Za kiangazi hazina kosa lolote kwenye siku zake za joto, na wapo wanaoishi nazo vizuri kwa sababu asubuhi ya barafu wanaliacha gari nyumbani. Chagueni mnachotaka... ila waambieni mnaowapakia! Na ukijikuta umesimama kando, unajua kilichofichwa, sema. Sema hata kama rafiki yako ataaibika mbele ya watu.

Omari hakutaka mengi asubuhi ile. Kama angeambiwa ukweli, ninamjua mdogo wangu. Angecheka, angesema eish, shemeji, kisha angefungua mlango wa gari jingine lolote lililokuwa pale na kupanda.